Kijivu Kiwe Kijivu: Barua ya Wazi kwa Wanaotengeneza na Wanaotuuzia Printa za Nyumbani

Kwa makampuni yanayotengeneza printa za wino za nyumbani, na kwa mawakala na wenye maduka mnaotuuzia printa hizo Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar, Mombasa na Nairobi.

Nawaandikia kuhusu rangi moja tu: kijivu. Printa zenu za nyumbani zinachapa bahari, kanga na embe bivu kwa namna inayoridhisha. Ipe mashine hiyohiyo picha ya nyeusi na nyeupe, na mara nyingi itatoka na wekundu mashavuni, ukijani vivulini, au vyote viwili kwenye karatasi moja. Mwenye picha anasafisha kichwa cha printa, anabadilisha karatasi, ananunua wino mwingine, na kijivu bado kinakataa. Akienda dukani kuuliza, anaambiwa ndivyo printa zilivyo.

Sivyo zilivyo. Printa ya wino inaweza kuchapa kijivu kisichoegemea rangi yoyote, na ni nyinyi watengenezaji mlioonyesha kwamba inawezekana. Ninaomba mambo mawili. Mtuambie, kabla hatujalipa, kila modeli inatengeneza kijivu kwa wino upi. Na mtupe njia ya kukirekebisha kijivu hicho wenyewe nyumbani, hata kwenye mashine ya bei nafuu. Sehemu kubwa ya ombi hili haihitaji wino mpya wala kiwanda kipya. Inahitaji maneno machache kwenye boksi na kazi ya wataalamu wenu wa programu.

Anayedhani hili ni jambo dogo azunguke nyumba za pwani aangalie kinachoning'inia ukutani. Kwa miongo mingi picha zetu zilikuwa nyeusi na nyeupe. Zanzibar kulikuwa na Capital Art Studio ya Ranchhod Oza, Mombasa kulikuwa na studio ya Parekh, Lamu kulikuwa na ya Omar Said Bakor, na kila mji ulikuwa na fundi wake. Waliwapiga picha maharusi, mabaharia, wanafunzi waliomaliza shule, akina mama na watoto wao wa kwanza. Picha zile zilichapwa kwenye karatasi yenye chembe za madini ya fedha ndani ya jelatini. Chembe hizo ni kitu kimoja kuanzia giza la nywele hadi wepesi wa shela, kwa hiyo kijivu chake, kiwe cha joto kidogo au cha baridi kidogo, kilikuwa kilekile picha nzima.

Leo karatasi nyingi kati ya hizo zina madoa ya unyevu na kingo zilizoliwa na wadudu. Familia nazo zimetawanyika. Mtoto mmoja yuko Muscat, mwingine Toronto, mwingine Morogoro, na kila mmoja anataka nakala ya picha ya babu. Studio zilizokuwa na chumba cha giza zimefunga au zimehamia kwenye picha za pasipoti. Aliyebaki na kazi hii ni mtu wa nyumbani mwenye skana, kompyuta na printa yenu.

Hapa mezani pangu ipo nakala ya picha moja ya namna hiyo. Mzee amesimama mbele ya pazia jeupe, amevaa kanzu nyeupe na kofia ya viua, mkono mmoja juu ya kiti. Karibu picha yote ni nyeupe juu ya nyeupe. Uhai wake uko kwenye mikunjo ya kanzu kifuani, kwenye vivuli vidogo vya vitundu vya kofia, na kwenye mpaka mwembamba unaotenganisha bega na pazia. Hivyo vyote ni kijivu hafifu. Chini ya taa ya tyubu mikunjo ile inaonekana kama imemwagiwa sharubati, ina uwaridi usiokuwepo kwenye picha ya asili. Nikiisogeza dirishani, mikunjo ileile inaelekea ukijani. Nikiweka kioo cha kukuzia juu yake, sababu iko wazi: pale ambapo jicho lilidhani linaona kijivu pametapakaa vidoa vya siani, majenta na manjano. Kidoa cheusi hakipo hata kimoja hadi nifike kwenye giza la chini ya kiti.

Hilo ndilo jambo ambalo boksi lenu halisemi. Mnunuzi anaona katriji nyeusi, anaamini kwamba picha ya nyeusi na nyeupe itachapwa kwa wino mweusi. Kwenye printa nyingi za katriji mbili, moja nyeusi na moja ya rangi tatu, wino mweusi ni wa pigmenti, yaani wa chembe ndogo za rangi, uliotengenezwa kwa ajili ya maandishi kwenye karatasi ya kawaida. Haukai vizuri juu ya karatasi ya picha inayong'aa. Kwa hiyo mtu akichagua karatasi ya picha, mashine inauweka kando wino mweusi na kutengeneza kila kitu, hata weusi wa mboni ya jicho, kwa kuchanganya rangi tatu. Mnunuzi ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na hakuna aliyemdanganya kwa maneno, hakuambiwa tu.

Printa nyingi za tangi za wino sita, zinazopendwa na wachapaji wadogo, zina hali bora kidogo. Zina nyeusi, siani, majenta na manjano, pamoja na siani hafifu na majenta hafifu. Hizo mbili hafifu ziliongezwa ili ngozi na anga zisionekane vidoavidoa, na kwa kazi hiyo zinafaa sana. Lakini kijivu hafifu hakimo. Mkunjo wa kanzu bado unatengenezwa kwa siani hafifu, majenta hafifu na manjano, na tone dogo likizidi upande mmoja, kanzu imebadilika rangi.

Kuna pia kile kisehemu cha kuchagua kijivu kwenye programu ya printa. Kwenye modeli moja kinaamuru wino mweusi uchape peke yake, na uso unatoka na vidoa vinavyoonekana kwa macho matupu, hasa kwenye paji la uso na mashavu. Kwenye modeli nyingine kinaondoa rangi kwenye picha, kisha kinaendelea kuichapa kwa wino za rangi kama kawaida. Jina ni moja, kazi ni mbili zilizo mbalimbali, na maelezo hayapo. Mtu anaweka alama pale akidhani amemaliza tatizo.

Naomba mnielewe kwa nini kosa dogo la kijivu linauma kuliko kosa kubwa la nyekundu. Tangu 1976 kuna kipimo cha CIE, tume ya kimataifa ya mwanga, kinachoitwa Lab. Herufi L inapima mwangaza, a inapima kati ya kijani na wekundu, na b inapima kati ya bluu na manjano. Kijivu kamili kina sifuri kwenye a na b. Kanga nyekundu ikihama vipimo viwili, hakuna atakayegundua, kwa sababu hakuna anayekumbuka wekundu wake kwa usahihi huo. Kijivu kikihama vipimo hivyohivyo, jicho linakamata, kwa kuwa linajua bila kufundishwa mahali ambapo rangi haipo. Mwenye macho haambiwi tazama.

Na tuseme haki: jicho linasamehe picha nzima ikiwa na joto kidogo. Nakala nyingi za zamani zilikuwa za kahawia, na tunazipenda hivyo. Kisichosameheka ni vivuli kwenda upande mmoja na mwangaza kwenda upande mwingine, kanzu ya waridi juu ya kivuli cha kijani. Kosa hilo ndilo hasa linalozaliwa na kijivu cha kuchanganya, kwa sababu mchanganyiko unabadilika kila hatua kuanzia nyeupe hadi nyeusi, na kila hatua ni nafasi mpya ya kukosea. Kurekebisha picha nzima kwa kuipunguzia majenta hakusaidii hapo; ukiponya kanzu, unaumiza kivuli.

Kubadilika kwa rangi kati ya taa na dirisha kuna sababu yake. Rangi tatu zinaweza kukutana na kutoa kijivu chini ya mwanga mmoja, lakini kila wino unaakisi sehemu zake za mwanga kwa namna yake. Taa ya tyubu, balbu ya LED na jua la saa sita mchana zina mchanganyiko tofauti wa mawimbi ndani yake. Mwanga ukibadilika, mizani inavunjika. Viwandani mnatathmini machapisho chini ya mwanga maalumu wa kelvini 5000 unaotajwa na kiwango cha ISO 3664. Sebuleni kwetu kuna balbu ya bei ya chini jioni na jua kali mchana, na picha ni hiyohiyo moja. Kadiri kijivu kinavyotokana na wino mweusi na wino za kijivu zenyewe, na rangi zikitumika kwa uchache, ndivyo kinavyotulia kutoka mwanga hadi mwanga.

Kuna pia kufifia. Wino za rangi hazizeeki kwa kasi moja. Picha ya rangi ikipoteza siani kidogo, anga linapauka, na wengi hawatatambua kwa miaka. Picha ya nyeusi na nyeupe iliyojengwa kwa rangi tatu ikipoteza siani kidogo, inageuka nyekundu yote. Sekta yenu inalijua hili vizuri. Mwaka 2000, picha za Epson Stylus Photo 870 na 1270 zilizochapwa kwenye aina fulani ya karatasi ziligeuka rangi ya chungwa haraka, kwa sababu siani yake iliharibiwa na ozoni iliyomo hewani. Mwaka huohuo ikatoka Stylus Photo 2000P, ya wino wa pigmenti, iliyokusudiwa kudumu. Nayo wapiga picha wakalalamika kwamba nyeusi na nyeupe yake inageuka kijani ikitolewa kwenye mwanga wa mchana. Sizitaji ili kufukua makaburi. Nazitaja kwa sababu baada ya hapo mlifanya kazi nzuri, na chanda chema huvikwa pete.

Mwaka 2003 HP ilitoa Photosmart 7960, printa ya nyumbani iliyoweza kupokea katriji maalumu ya kijivu. Watu wa kawaida, kwenye meza zao, walipata picha za nyeusi na nyeupe zenye utulivu. Mwaka 2005 Epson ilitoa Stylus Photo R2400 yenye wino za K3, maana yake nyeusi ya ngazi tatu zikifanya kazi pamoja: nyeusi kamili, nyeusi hafifu, na nyeusi hafifu zaidi. Pamoja nayo ilikuja sehemu ya programu iliyotengwa kwa ajili ya picha za nyeusi na nyeupe, ambamo mtu anavuta kijivu kuelekea joto au baridi apendavyo, na mashine inatumia rangi kidogo mno kukisawazisha. Mwaka 2011 Canon ikaleta PIXMA PRO-1, yenye tangi 12, tano kati yake zikiwa za kutoka nyeusi hadi kijivu hafifu. Tatizo likawa limetatuliwa.

Limetatuliwa, lakini juu tu. Mashine hizo na warithi wake zimebaki kuwa za wataalamu, kubwa, ghali, na katriji zake huku kwetu huagizwa kwa kusubiri. Zipo dalili njema: Epson ET-8550, na L8180 inayouzwa kwenye masoko mengine, ni printa za tangi zenye chupa ya wino wa kijivu ndani. Hiyo ndiyo njia ninayoitaka iendelee kushuka chini. Chupa moja ya kijivu kwenye printa ya wino sita ingewafaa wenye picha za familia kuliko nyongeza nyingi zinazotangazwa kwa herufi kubwa kwenye maboksi. Na pale ambapo mashine ya namna hiyo ipo tayari, mawakala wa Afrika Mashariki waiweke dukani, pamoja na chupa yake ya kijivu, isiwe kitu cha kuombwa kwa barua pepe.

Kuna watu waliothibitisha kwamba mwili wa printa haukuwa na kosa tangu mwanzo. Jon Cone, mchapaji wa Vermont, Marekani, alileta mfumo wake wa Piezography mwaka 2000. Aliondoa wino zote za rangi kwenye printa za kawaida za Epson na kujaza mahali pake wino wa ngazi mbalimbali za kijivu. Paul Roark, mpiga picha wa California, alichanganya wino za kaboni na kuweka michanganyiko yake wazi ili yeyote aifuate. Kaboni ina joto la kahawia kwa asili, na yeye alieleza jinsi ya kuitumia kama ilivyo au kuipoza kwa kiasi kidogo cha bluu. Roy Harrington aliandika programu ya QuadTone RIP, inayomruhusu mtu kuamua kila wino utoke kiasi gani kwenye kila hatua ya kijivu. Mtu mmoja, kwa programu inayouzwa kwa bei ndogo, aliwapa watu usukani ambao programu zenu wenyewe ziliwanyima. Kama yeye aliweza akiwa nje, nyinyi mlio ndani mnaweza zaidi, tena bila kumlazimisha mtu kumwaga wino wake na kununua mwingine.

Ninapoomba usukani nina jambo mahususi akilini. Printa nyingi za nyumbani mnazouza sasa zina skana juu yake. Kuna modeli ambazo tayari, mtu akiweka katriji mpya, zinachapa karatasi ya mistari, zinamwomba aiweke chini ya kifuniko, zinaisoma, na zinanyoosha kichwa cha printa zenyewe. Fanyeni vivyo hivyo kwa kijivu. Mashine ichape ngazi 21 za kijivu, kutoka nyeupe ya karatasi hadi nyeusi kabisa, kwenye karatasi ileile aliyoinunua mtu. Ziachwe zikauke. Zisomwe na skana iliyo juu ya mashine. Programu ilinganishe kila ngazi na ilivyotarajiwa, ipunguze majenta hapa, iongeze siani pale, ihifadhi matokeo kwa jina la karatasi hiyo.

Najua mtakachojibu: skana si spektrofotomita, kifaa cha kupimia rangi, na haioni rangi kama jicho linavyoona. Ni kweli, na kwa kupima kanga nisingeiamini. Lakini hapa kazi ni nyembamba zaidi. Wino mnazijua, ni zenu. Skana mnaijua, ni yenu. Mnaweza kupima kiwandani jinsi skana hiyo inavyoona wino hizo na kuweka tofauti hiyo ndani ya programu. Wanaotumia QuadTone RIP wamekuwa wakitumia skana za kawaida za mezani kusawazisha ngazi zao za mwangaza kwa miaka mingi. HP ilikwenda mbali zaidi ikaweka spektrofotomita ndani ya printa yake kubwa ya Designjet Z3100. Sidai kifaa hicho kwenye mashine ya nyumbani. Nadai kitumike kile ambacho kipo tayari, ambacho mteja amekilipia, na ambacho sasa kazi yake ni kutoa nakala za vitambulisho.

Pale ambapo skana haipo, wekeni angalau vitelezi vitatu kwenye programu: kimoja cha vivuli, kimoja cha kijivu cha katikati, kimoja cha mwangaza, na kila kimoja kiweze kuvutwa upande wa kijani au wekundu, bluu au manjano. Mkiweka kitelezi kimoja kwa picha nzima, kama kilivyo kwenye programu nyingi, mmetuachia ugonjwa ule niliousema wa kuponya kanzu na kuumiza kivuli.

Sasa naomba nigeukie wenye maduka, kuanzia Kariakoo ya Dar es Salaam hadi Luthuli ya Nairobi.

Wino unaofanana si wino uleule. Programu ya printa imetengenezwa ikijua nguvu ya kila wino wa mtengenezaji. Majenta ya chupa nyingine ikiwa kali zaidi kidogo, kanga itapita salama na kijivu kitaharibika kwanza. Sipingi wino wa bei nafuu. Watu wengi hawana njia nyingine, na kuna wino wa namna hiyo unaofanya kazi nzuri ukipata profaili yake, yaani faili la marekebisho ya rangi. Ninachopinga ni kumjazia mteja chupa tatu za mtengenezaji mmoja na ya nne ya mwingine bila kumwambia. Mimi yamenifika katika duka moja ambalo silitaji: printa ilirudi kutoka kwa fundi na kila picha ya nyeusi na nyeupe ikawa na uwaridi, na nilipouliza, jibu lilikuwa kwamba manjano ya awali ilikuwa imekwisha sokoni. Ningeambiwa siku ileile, ningesubiri. Andikeni kwenye risiti jina la wino na tarehe ya kujazwa. Ni mstari mmoja tu.

Karatasi nayo mnatuuzia kwa uzito na mng'ao: gramu 200, gramu 260, ya kung'aa au isiyong'aa. Kwa kijivu hilo halitoshi. Karatasi nyingi za picha zina kemikali za kuongeza weupe, zinazopokea miali ya urujuanimno na kuirudisha kama mwanga wa bluu. Karibu na dirisha karatasi hiyo inaonekana nyeupe ya bluu. Chini ya balbu ya LED isiyotoa miali hiyo inaonekana ya krimu. Kijivu kilichosawazishwa mahali pamoja kinayumba mahali pengine, hata kama wino haukukosea. Zipo karatasi zisizo na kemikali hizo, au zenye chache. Anayechapa picha ya kutunza anahitaji kujua ipi ni ipi, na hawezi kujua kwa kuigusa. Kama pakiti haisemi, muulizeni anayewaletea, muandike kwa kalamu juu ya rafu.

Mtengenezaji wa karatasi naye aandike kwenye pakiti ni chaguo lipi la karatasi liwekwe kwenye programu ya printa. Chaguo hilo ndilo linaloamua wino kiasi gani umwagwe na kama wino mweusi utatumika au la. Nimeona watu wazima, wachapaji wenye uzoefu, wakibahatisha jambo hili kwa kuharibu pakiti nzima.

Msifikiri kwamba sisi wa nyumbani tumekaa tukingoja kuletewa. Tunajua kwamba picha iliyotoka sasa hivi haihukumiwi sasa hivi. Wino wa dai, yaani wa rangi iliyoyeyushwa badala ya pigmenti, hasa hubadilika ukikauka, kwa hiyo tunauacha hadi kesho yake. Tunajua kwamba programu ya picha na programu ya printa zikisimamia rangi zote mbili kwa wakati mmoja, kijivu kinasahihishwa mara mbili na kuharibika, kwa hiyo tunazima moja. Tunachapa karatasi ya majaribio yenye picha ndogo ileile mara nyingi, ya katikati ikiwa bila marekebisho, zinazoizunguka zikivutwa kidogo kuelekea kijani, wekundu, bluu na manjano, kisha tunaipeleka kwenye ukuta uleule na taa ileile ambapo picha itakaa, na kuchagua hapo. Ni kazi ya uvumilivu na inafanya kazi. Lakini inakula karatasi na wino, na kila chupa ikibadilika inaanza upya. Mwalimu mstaafu anayetaka kumchapia mjukuu picha ya harusi ya 1962 hapaswi kupita njia hiyo yote.

Kwa hiyo, watengenezaji, boksi la kila printa liseme kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine zote mnazoandika: kwenye karatasi ya picha inayong'aa, kijivu cha mashine hii kinachapwa kwa wino hizi. Orodha ya wino tu. Mnaandika tayari idadi ya kurasa kwa dakika, na nguvu ya umeme, na ukubwa wa katoni. Anayechapa ankara hatajali mstari huo. Anayechapa picha za wazazi wake atajua anunue ipi.

Nanyi wenye maduka, hamhitaji kungoja makao makuu yaamue. Kila printa mliyoitoa kwenye boksi na kuiweka mezani kwa maonyesho, ichapeni ngazi 21 za kijivu kwenye karatasi ya picha na muibandike ubavuni mwa mashine, si picha ya maua iliyotoka kiwandani. Pembeni andikeni jina la wino na jina la karatasi. Mteja akitaka kuichukua na kutoka nayo hadi mlangoni aione kwa mwanga wa jua, mruhusuni.

Wenu,
Mchapaji wa picha za familia,
Tanga